Nani Kasema Shela Ni la Bikira?

Mwezi huu nilipanga tuongelee michango ya harusi, maana najua wengi wenu kadi zimeshaanza kuwafikia na mnajifanya simu haina mtandao. Itabidi mada hiyo isubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwetu, limenikaa kooni, na siwezi kuandika kitu kingine mpaka nilitoe.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kufunga toleo, siku ambayo hata mume wangu anajua hapigi simu ofisini. Mdogo wangu akapiga. Nikakata. Akapiga tena. Nilipopokea nikasikia kilio tu. Nikadhani kuna msiba. Nikatoka nje mpaka kwenye ngazi, nikamwambia vuta pumzi, sema. Akasema, "Dada, wamenikataza shela."

Nyie mnajua maana yake. Kwa wale walioolewa zamani au wanaokwepa vikao vya harusi, ngoja niwakumbushe: Dar tukisema shela tunamaanisha gauni jeupe la bibi harusi pamoja na ule utaji wake wa kichwani, vyote kwa mkupuo. Na kwenye makanisa mengi ya kwetu kuna sheria ambayo haijabandikwa ukutani ila kila mtu anaijua. Msichana ambaye hajazaa anavaa shela. Aliyekwisha kuzaa, au mwenye tumbo linaloonekana, atafute gauni la krimu, la pinki, la bluu, lolote lile, na utaji auache dukani. Sehemu nyingine hata ile ndoa yenyewe inasogezwa mpaka misa ya alfajiri katikati ya wiki, bila kwaya.

Mdogo wangu ana binti, Neema, wa miaka mitano. Mchumba wake si baba wa Neema, lakini ndiye anayempeleka shule kila asubuhi na ndiye anayejua kusuka zile twende kilioni mbili za Jumatatu. Wamehudhuria semina ya ndoa wote wawili, hawajakosa hata siku moja. Siku ya mwisho mama mmoja mshauri wa wanandoa akamvuta pembeni akamwambia, "Mwanangu, shela tuwaachie wasichana. Wewe si umeshazaa?"

Kusema kweli jibu langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilimwambia, "Si uvae tu krimu? Krimu inakupendeza." Akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwani hiyo sheria ilitoka wapi, dada? Wewe si ndiye umesoma?" Akakata simu.

Nimesomea mawasiliano ya umma, sikusomea historia ya magauni. Ila swali liliniuma, kwa hiyo baada ya toleo kwenda kiwandani nilikaa nikasoma. Nilichokikuta kilinifanya nicheke, halafu kikanifanya nione aibu. Aibu yenyewe inatuhusu sisi watu wa magazeti, nitafika huko.

Tuanzie London, tarehe 10 Februari 1840. Malkia Victoria wa Uingereza ana miaka 20 na anaolewa na binamu yake Albert kutoka Ujerumani. (Kwa taarifa yenu akina dada, aliyeposa hapo ni yeye. Malkia hapigiwi magoti na mtu wa kumuomba mkono, kwa hiyo Oktoba 1839 alimwita Albert, akamwambia mwenyewe.) Wakati ule bibi harusi wa kifalme alitegemewa kung'aa. Charlotte, mjukuu wa mfalme aliyeolewa mwaka 1816, alivaa gauni la nyuzi za fedha. Kwa Victoria watu walitarajia joho la velveti jekundu na manyoya. Yeye akatokea na gauni la satini nyeupe, lesi nyeupe juu yake, na kichwani badala ya taji akaweka maua ya mchungwa.

Kwa nini nyeupe? Hapa ndipo nilipocheka. Ni kwa ajili ya lesi, msomaji wangu. Biashara tu.

Miaka ile mashine za kusuka neti zilikuwa zimeingia Uingereza, na akina mama waliokuwa wakitengeneza lesi kwa mkono kule Devon walikuwa wanakosa kazi. Ni kama mafundi wetu wa mtaani tangu nguo za mitumba zishushwe. Victoria akaagiza lesi yake ya harusi itoke kwao, lesi inayoitwa ya Honiton, na mafundi wapatao 200 wakapata kazi. Hariri nayo ikatoka Spitalfields, London, kwa wafumaji ambao nao hali yao ilikuwa mbaya. Sasa lesi ya namna ile ukiiweka juu ya gauni jekundu inaonekana ya rangi mbili, inapoteza uzuri wake. Juu ya nyeupe inakaa. Basi. Malkia alikuwa anatangaza bidhaa za nyumbani.

Hakuwa wa kwanza pia. Mary, Malkia wa Scotland, alivaa nyeupe alipoolewa Paris mwaka 1558, na watu wakashangaa, kwa sababu kwenye ufalme wa Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya kuomboleza mume. Wanawake wa kawaida wa Ulaya kwa karne nyingi waliolewa na gauni zuri kuliko yote waliyokuwa nayo, liwe la bluu, la kahawia, la kijani, hata jeusi, kisha wakaendelea kulivaa Jumapili kanisani mpaka likachakaa. Gauni jeupe lilikuwa la tajiri kwa sababu rahisi: nani atalifua? Hakuna maji ya bomba, hakuna sabuni ya unga, barabara tope. Kuvaa nyeupe ilikuwa kuwaambia watu kwamba wewe huna haja ya kulivaa tena, au una mtu wa kukufulia. Weupe ulikuwa na maana, ndiyo, ila ilikuwa maana ya pesa.

Na huyo Victoria mwenyewe, pamoja na umalkia wake, hakuitupa ile lesi. Aliivaa tena na tena kwenye shughuli za familia. Albert alipofariki Desemba 1861, mama wa watu alivaa nyeusi kwa miaka karibu 40, lakini kwenye sherehe kubwa lesi ya harusi ilirudi, ikawekwa juu ya hilo gauni jeusi la ujane. Alipokufa Januari 1901 alizikwa na utaji wake wa harusi, kwa maagizo yake mwenyewe. Hapo niliweka kalamu chini kidogo. Sisi shela tunakodi siku tatu Sinza kwa laki nne, na likichelewa kurudi tunapigiwa simu za vitisho.

Sasa hii habari ya ubikira iliingia lini? Hapa ndo penye aibu yangu.

Mwaka 1849, miaka tisa tu baada ya harusi ya Victoria, kulikuwa na gazeti la wanawake huko Philadelphia, Marekani, likiitwa Godey's Lady's Book. Lilikuwa kama hili unaloshika mkononi: mitindo, mapishi, hadithi za mapenzi, ushauri wa ndoa. Mhariri wake alikuwa mwanamke, Sarah Josepha Hale, na kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 lilikuwa likitoa nakala zipatazo 150,000, namba ambayo mkurugenzi wangu akiisikia atalia. Gazeti hilo likawaambia wasomaji kwamba tangu enzi na enzi desturi imeamua nyeupe ndiyo rangi ya bibi harusi, kwamba ni alama ya usafi wa msichana na moyo wake usioguswa.

Tangu enzi na enzi! Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya harusi ya Victoria alikuwa bado hajaota meno yote ya ukubwani.

Nimekaa kwenye kiti cha uhariri muda wa kutosha kujua jinsi sentensi ya namna hiyo inavyozaliwa. Una picha nzuri ya gauni, una nafasi ya mistari minne chini yake, saa zimekwenda, na "tangu enzi na enzi" inajaza vizuri. Nilifungua matoleo yetu ya nyuma ya kurasa za harusi. Nikakuta, chini ya picha ya bibi harusi mmoja mzuri sana, maneno haya: "Weupe unaoashiria usafi wa mwali." Nimeyaandika mimi. Nakumbuka hata siku yenyewe, nilikuwa na njaa.

Kwetu shela lilikuja na meli. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, mtindo wa Victoria ulikuwa umeshashika huko kwao, na wamisionari waliofuata wa kila dhehebu waliletea waumini harusi waliyoijua. Hapa pwani watu walikuwa na yao tayari. Jirani yangu wa Kizanzibari aliniambia kwao bibi harusi bila kisutu hajakamilika, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na aliponiona nashangaa akaniuliza kama sisi hatuoni ajabu kumvalisha mtu mzima rangi ya sanda siku ya furaha yake. Sikuwa na jibu. India bibi harusi wengi ni wekundu kama pilipili, na hakuna anayewauliza maswali.

Mama yetu aliolewa 1986, Kilimanjaro, wakati madukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Nikampigia kumuuliza gauni lake lilitoka wapi, maana kwenye picha linaonekana zuri. Akacheka. "Lile? Lilikuwa la masista." Kumbe parokia nzima ilikuwa na gauni moja, limehifadhiwa kabatini kwa masista na vidonge vya nondo. Kila bibi harusi aliazima. Mnene aliachiwa zipu wazi akafunikwa na utaji, mwembamba alibanwa na pini mgongoni. Mama alibanwa na pini saba. Mikono yake ilikuwa imevimba kama maputo, mtindo wa Diana, ambaye aliolewa Julai 1981 na gauni lenye mkia wa mita saba na zaidi. Bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, lakini picha za Diana zilifika mpaka kwa cherehani ya masista mlimani.

Nikamuuliza, "Na ambao walikuwa wameshazaa?" Mama akakaa kimya kidogo. "Hao hawakupewa. Rafiki yangu mmoja alinyimwa. Alifunga ndoa Jumanne alfajiri na kitenge. Mimi nilikuwa msimamizi wake. Tulikuwa watu sita, na mmoja alikuwa mlinzi." Miaka yote hiyo mama hajawahi kunisimulia.

Jumamosi nikaenda kumwona paroko wa kule anakofungia mdogo wangu. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimesoma kanuni za ndoa za Kanisa Katoliki, za mwaka 1983, kuanzia ya 1055 mpaka ya 1165. Kuna umri, kuna undugu, kuna hiari, kuna mashahidi. Rangi ya gauni hakuna. Nikamwekea mezani.

Baba paroko alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hajawahi kuandika wala kutangaza katazo hilo, alilikuta, na amekuwa akiliacha liendelee kwa sababu wazee wa parokia wanalipenda. "Kwenye hilo mnilaumu," alisema. Kisha akanionyesha kanzu yake ya misa iliyotundikwa nyuma ya mlango. Nyeupe. Inaitwa alba, na maana yake ni nyeupe tu, kwa Kilatini. Kitambaa cha ubatizo, cheupe, na hakuna anayeuliza mtoto kazaliwa ndani ya ndoa au nje. Na wale watu wa kitabu cha Ufunuo wenye kanzu nyeupe, akasema, kanzu zao zilikuwa nyeupe kwa sababu zilifuliwa. "Kitu kikifuliwa maana yake kilichafuka, au siyo?"

Sasa wanaume mnaosoma ukurasa huu kwa kuibia (najua mpo), hebu tujiulize kitu. Siku ile ya 1840 Albert alivaa sare ya Field Marshal wa jeshi la Uingereza, na hakuwa amepigana vita hata moja ya nchi hiyo. Hakuna aliyesema sare ni ya waliopigana tu. Bwana harusi wa Dar leo anaweza kuwa na watoto wawili Mbeya na mmoja Kigamboni, atachagua suti nyeusi, nyeupe, kijivu, hata dhahabu ile ya kung'aa, na kamati itamuuliza swali moja tu: tai ifanane na magauni ya wapambe au isifanane?

Na tukiwa tunaambiana ukweli, nami nina wangu. Nilivaa shela. Jeupe, utaji mpaka kiunoni, na huyo huyo mama mshauri alinikumbatia akilia, akaniita lulu ya parokia. Nilikuwa na mimba ya wiki tisa. Nilijua mimi, alijua mume wangu, na nadhani alijua mama, maana aliniletea tangawizi chumbani bila kuniuliza kitu. Mwanangu alizaliwa "njiti" wa kilo tatu na nusu, na mashangazi wakanyamaza kwa adabu. Kati yangu na mdogo wangu tofauti ni kwamba wa kwake alikuwa ameshajifunza kutembea. Halafu mimi ndiye nikamwambia avae krimu.

Jumapili nilimfuata kwake na karatasi zangu zote. Nikamsomea habari za Victoria, za lesi, za gazeti la Philadelphia, za kanuni 1055. Nikamwambia na ile ya wiki tisa. Akacheka mpaka akajipangusa macho. "Dada, hiyo ya mwisho nilijua. Nilikuona ukitapika nyuma ya tangi la maji asubuhi ya send-off." Kisha akawa makini. "Lakini hukunielewa siku ile. Mimi rangi hainiumi. Krimu ningevaa, hata kitenge ningevaa. Yule mama aliposema 'wewe si umeshazaa,' Neema alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Njiani akaniuliza, mama, ni mimi ndo nimekuharibia shela?"

Sikujua la kusema.

"Kwa hiyo," akasema, "navaa jeupe. Jeupe kabisa, siyo pembe wala maziwa. Na Neema ndiye atakayenishikia mkia."

Tulikwenda Sinza Jumatano. Yule dada wa dukani alitutolea mashela kumi na moja, mdogo wangu akajaribu manne, Neema akachagua. Alichagua lenye mkia mrefu kuliko yote kwa sababu alitaka kazi. Alifanya mazoezi sebuleni wiki mbili na shuka la kitanda.

Ndoa ilikuwa Jumamosi, misa ya saa nane, kwaya ipo. Mama mshauri alikaa benchi la tatu na uso wa mtu aliyelamba ndimu, lakini wakati wa kutakiana amani alikwenda kumshika mkono bibi harusi, na kwa hilo nampa maksi zake. Mama yetu naye alikuja na mgeni kutoka Kilimanjaro, mwanamke wa umri wake, mwembamba, kitenge kipya. Walikaa wameshikana mikono misa nzima. Sikuuliza ni nani, na sikuhitaji kuuliza.

Neema hakuuachia ule mkia kanisani, wala kwenye picha ufukweni, wala ukumbini. MC alimsihi akakae kwa watoto wenzake, akakataa. Ndipo ilipofika saa mbili usiku, mkono mmoja una mkia, mwingine una glasi ya juisi ya ukwaju, na muziki ukabadilika ghafla. Doa lilikuwa la ukubwa wa sahani.

Duka limetukata elfu hamsini za dobi. Nimelipa mimi.

Tukutane toleo lijalo, na michango yenu nitaiongelea, msidhani nimesahau.